Bunduki ya Marehemu: Mali Hurithiwa, Ruhusa Hairithiwi

Mzee akifariki Rangwe, Nyatike au Kehancha, katika kaunti za Homa Bay na Migori, sehemu kubwa ya mali yake huwa na wenyewe hata kabla ya matanga kwisha. Mipaka ya shamba inajulikana, ng'ombe wanajulikana ni wa nyumba ya mke yupi, na kitinda mimba anajua kwamba boma la mama litamwangukia yeye. Kinachosahaulika ni kile kilichosimamishwa nyuma ya kabati: bunduki ya upepo ambayo marehemu aliitumia miaka mingi kufukuzia ndege kwenye mtama. Haina baruti, mlio wake ni mdogo, na jamaa wengi huihesabu pamoja na majembe. Mwana mmoja anaichukua, anaifuta vumbi, maisha yanaendelea.

Kisheria, hapo ndipo shida inapoanza. Bunduki ya marehemu huzua maswali mawili ambayo watu huyachanganya kuwa moja. La kwanza ni la mirathi: kifaa hiki sasa ni mali ya nani? La pili ni la usalama: nani anaruhusiwa kukaa nacho? Kenya ina jibu la kila swali, lakini majibu hayo yamo katika sheria mbili zisizozungumzana. Mtu anaweza kuwa mrithi halali kabisa wa bunduki na papo hapo akawa mhalifu kwa kuiweka nyumbani kwake. Anayetaka kuelewa kanuni za leseni za bunduki kuukuu hana budi kuanzia kwenye mwanya huo.

Mtutu na uwezo wa kuua

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ilitungwa mwaka 1953, Kenya ikiwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Haikuwa sheria ya kwanza ya aina yake kugusa maeneo haya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umeshaweka vizuizi vya silaha katika ukanda wote wa Afrika ulio kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, na pwani ya Ziwa Viktoria imo katikati ya ukanda huo. Tangu hapo msingi umebaki uleule: raia hana haki ya kumiliki silaha, ana ruhusa tu anayopewa na serikali, na serikali inaweza kuichukua.

Kiini cha maana ya silaha katika Sura ya 114 ni chombo chenye mtutu, kinachoweza kuua, na kinachoweza kurusha risasi au kitu kingine chochote cha kurushwa. Sheria haisimami kuuliza kama kilichosukuma risasi ni baruti au hewa. Wanaosema "hii ni ya upepo tu, haihitaji leseni" wanajibu swali ambalo sheria haikuuliza.

Neno linalobeba uzito ni lile la uwezo wa kuua, na majaji wa Uingereza, ambako maneno hayo yalichotwa, walilipima kwa bunduki ya upepo hasa. Katika kesi ya Moore dhidi ya Gooderham ya mwaka 1960, mahakama iliamua kwamba bunduki ya upepo ni silaha ya kuua ikiwa inaweza kusababisha jeraha linaloweza kumtoa mtu roho, hata kama haikutengenezwa kwa kazi hiyo na hata kama madhara yatatokana na kutumiwa vibaya. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wa Kenya, lakini husomwa na huheshimiwa, hasa pale sheria mbili zinapotumia lugha moja. Kwa hiyo mwenye busara Homa Bay anapaswa kuiona bunduki ya upepo kuwa silaha mpaka mtaalamu wa silaha wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) aseme vingine.

Kesi ikifika mahakamani, mtaalamu huyo ndiye nguzo. Huikagua bunduki, hujaribu kuifyatua, kisha huandika ripoti ya kusema kama inaangukia ndani ya maana ya sheria. Ubovu pekee haumwokoi mwenye bunduki. Sheria inahesabu pia sehemu muhimu za silaha, kama vile mtutu, kwa hiyo kusema kwamba springi imekatika tangu zamani ni utetezi dhaifu. Na ikiwa bunduki yenyewe ni silaha, basi kile kikopo cha risasi za madini ya risasi kilichobaki kwenye droo huwa ni risasi za silaha hiyo. Adhabu ya kukaa na silaha bila cheti huhesabiwa kwa miaka ya kifungo.

Springi moja mpya inabadilisha mambo

Tuiangalie bunduki yenyewe kwa karibu, maana hoja nyingi za leseni hukwama kwa watu kutojua inavyofanya kazi. Nyingi za zile kuukuu ni za kukunjwa mtutu. Mtumiaji hushika kitako, huuvuta mtutu chini mpaka ukunjike, na kwa kufanya hivyo hubana springi nzito iliyo nyuma ya pistoni. Huweka risasi ndogo tundu la mtutu likiwa wazi, huunyoosha mtutu urudi mahali pake, hulenga. Akivuta kifyatulio, springi huachia, pistoni huruka mbele, na hewa iliyobanwa ghafla huisukuma risasi nje. Kampuni ya BSA ya Birmingham ilianza kutengeneza bunduki za upepo mwaka 1905, na Diana ya Ujerumani ni jina la zamani zaidi. Vipimo vilivyozoeleka ni viwili, milimita 4.5 na milimita 5.5.

Nguvu yake hupimwa kwa jouli. Risasi ya nusu gramu ikitoka kwa mwendo wa mita 240 kwa sekunde hubeba jouli 14 hivi. Risasi hiyohiyo ikitoka kwa mita 175 kwa sekunde hubeba chini ya jouli 8. Bastola ya kawaida ya milimita 9 hufikisha takriban jouli 500. Tofauti ni kubwa sana, lakini jouli 14 zinatosha kutoboa jicho, na kwa bahati mbaya zimewahi kutosha kuua mtoto. Zipo pia bunduki za upepo za kisasa, zinazojazwa hewa kwa pampu au mtungi, ambazo hupita jouli 100 na kutumiwa kuwinda wanyama wakubwa. Neno "bunduki ya upepo" peke yake halimwambii askari wala hakimu chochote kuhusu hatari.

Katika bunduki kuukuu nguvu hubadilika. Springi huchoka. Kizibo cha ngozi kilicho kichwani mwa pistoni hukauka kisipotiwa mafuta, hewa huvuja, na bunduki iliyotoka kiwandani na jouli 14 hurudi chini ya 8. Sasa mrithi akiipeleka kwa fundi, akabadilishiwa springi na kizibo, nguvu hurudi. Katika nchi inayopima kwa jouli, fundi huyo amekigeuza kifaa kutoka daraja moja la sheria hadi jingine kwa kazi ya nusu saa. Kenya haipimi kwa jouli, lakini hatari ni ileile: bunduki ambayo mzee aliiacha ikiwa haiwezi kudhuru kuku inaweza kurudishwa uhai na mjukuu, na hakuna karatasi yoyote itakayoonyesha badiliko hilo.

Ni ya mwana mkubwa, au ya mjane?

Turudi kwenye swali la kwanza, la mali. Kwa Waluo, vitu vya marehemu hugawanywa siku ya keyo nyinyo, na desturi huelekeza vitu vya kiume kwa wanaume. Mkuki, kigoda, fimbo na bunduki hufikiriwa kuwa vya wana, na mara nyingi mwana mkubwa husikilizwa kwanza. Wakuria nao wana mpangilio wao wa nyumba na wa koo. Desturi hizo zina heshima yake, ila kwa aliyefariki bila wosia, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inayotumika tangu Julai 1, 1981, ndiyo inayoamua.

Sheria hiyo ina jambo ambalo wana wengi hawalitarajii. Kifungu cha 35 kinasema kwamba marehemu akiacha mke mmoja na watoto, vitu vyake binafsi na vya nyumbani ni vya mjane moja kwa moja, huku mali nyingine akiwa na haki ya kuitumia maisha yake yote. Maana ya vitu hivyo ni pana: mavazi, vitu vya matumizi binafsi, samani, mapambo na vyombo vya nyumbani, isipokuwa magari na vitu vya biashara au taaluma. Bunduki ya upepo iliyotumika kufukuza ndege shambani kwa mzee inaweza kabisa kuhesabiwa humo. Ukiisoma hivyo, bunduki ambayo ndugu watatu wanagombania ni ya mama yao, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anaitaka.

Kwa aliyeoa wake wengi, kifungu cha 40 kinagawa kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza kila mjane kama hisa moja. Hesabu hiyo hufaa kwa shamba na ng'ombe. Bunduki moja haigawanyiki, kwa hiyo njia ya haki ni kuitoa kwa nyumba moja na kulipia nyingine thamani yake, au kuiuza kwa mwenye kibali na kugawana pesa. Familia nyingi hazifanyi lolote kati ya hayo. Anayeishi boma la mzee ndiye anayebaki nayo.

Kubaki nayo huko nako kuna kosa lake. Kifungu cha 45 kinakataza mtu yeyote kuchukua au kutumia mali ya marehemu kabla ya mahakama kutoa hati ya usimamizi, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu hiki hutajwa zaidi kwenye kesi za mashamba, lakini hakibagui mali.

Mwanya kati ya kaburi na cheti

Swali la pili ndilo linaloshika watu pabaya. Cheti cha silaha hutolewa kwa mtu, kwa silaha iliyotajwa humo, kwa sababu aliyoitoa. Mtu huyo akifa, hakuna anayerithi sifa zake. Akili timamu ya marehemu haithibitishi akili timamu ya mwanawe, wala rekodi safi ya mzee haimsafishi mpwa wake aliyewahi kufungwa kwa kupigana. Kwa hiyo cheti hukoma, na bunduki iliyokuwa halali asubuhi huwa haina mwenye ruhusa jioni.

Lakini mirathi haimalizwi kwa siku moja. Kuna cheti cha kifo, kuna barua ya chifu inayotaja warithi, kuna maombi mahakamani, kuna tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za kusubiri pingamizi, kisha kuna hati na uthibitisho wake. Mahakama hazipo mbali. Homa Bay, Mbita, Oyugis, Ndhiwa, Rongo, Migori na Kehancha zote zina mahakimu. Kinachokula muda ni makubaliano ya familia na gharama. Mirathi ya kijijini inaweza kuchukua miezi au miaka, na familia nyingi haziifungui kabisa mpaka shamba liuzwe. Katika kipindi chote hicho bunduki iko mahali fulani, na yeyote anayelala nayo chini ya paa moja anaweza kuulizwa cheti.

Kuna wosia wa mdomo pia. Mzee mgonjwa humwita mwanawe na kumwambia, "Hii chukua wewe." Sheria ya Urithi inakubali zawadi zinazotolewa na mtu anayekitazamia kifo, kwa masharti yake. Sheria ya Silaha haikubali kwamba silaha ipite kwenda kwa mtu asiye na kibali, hata kwa baraka za baba. Mwana huyo ameshapata mali, na kosa pamoja nayo.

Hapa kitendo cha busara kinajulikana, ingawa watu hukiogopa. Familia itoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, kwa mkuu wa kituo, mapema iwezekanavyo. Ni vyema kwenda kwanza bila bunduki na kuomba maafisa waifuate, kwa sababu kuibeba kwenye bodaboda kutoka Sindo hadi Mbita nako ni kukaa na silaha bila cheti, tena barabarani. Taarifa iingizwe katika kitabu cha matukio (OB), familia ipewe nambari ya OB, na maelezo yaandikwe kwa ukamilifu: aina, kipimo, nambari ya bunduki, hali yake, na jina la marehemu. Nakala ya maelezo hayo iwekwe pamoja na karatasi za mirathi. Kuikabidhi bunduki polisi ihifadhiwe hakumaanishi kuipoteza. Msimamizi wa mirathi bado anaweza kuomba ipewe mrithi atakayepata cheti, iuzwe kwa mwenye kibali, au iteketezwe.

Mlango mmoja wa bastola na wa springi

Anayetaka kuendelea kuimiliki ataishia kwenye Bodi ya Leseni za Silaha, iliyoundwa na marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014 kuchukua kazi iliyokuwa mikononi mwa afisa mmoja mkuu wa polisi. Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye silaha wakaguliwe upya, na vyeti vya zamani vikabadilishwa kwa vya kisasa. Hili linawagusa warithi moja kwa moja. Wengi huonyesha kijitabu cha mzee kilichopauka, wakidhani ni ushahidi wa uhalali. Ikiwa mzee hakwenda kukaguliwa, kijitabu hicho ni kumbukumbu tu ya kwamba aliwahi kuwa na ruhusa.

Mwombaji hutakiwa kuonyesha sababu nzuri ya kumiliki silaha, na kwamba si mtu wa ulevi, wa akili isiyotulia au wa hatari kwa umma. Hupitia polisi wa eneo lake, huchunguzwa, huonyesha kwamba anaweza kuitumia na kuihifadhi kwa usalama. Cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI ni sehemu ya safari hiyo: ombi hufanywa kwa eCitizen kwa shilingi 1,050, kisha alama za vidole huchukuliwa kwa fomu ya C24, na kwa wakazi wa kaunti hizi mbili Huduma Centre za Homa Bay na Migori zinatosha. Uamuzi wa mwisho, hata hivyo, ni wa Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji wa Migori.

Weka gharama za safari, daktari, mafunzo na sanduku la chuma upande mmoja, na thamani ya bunduki ya upepo yenye springi iliyochoka upande mwingine. Hesabu haikubaliani. Mfanyabiashara wa Nairobi anayeomba bastola ya milimita 9 na mkulima wa Karungu anayeomba kubaki na bunduki ya babake wanapita mlango uleule. Matokeo yanatabirika: mkulima haombi. Anaificha. Sheria iliyonuiwa kuijua kila silaha inaishia kuizalisha silaha isiyojulikana. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa Kenya walikuwa na silaha takriban 750,000, na kati yake zilizosajiliwa zilikuwa 8,136 tu. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni silaha za wizi wa mifugo na uhalifu, na hakuna anayepaswa kujidanganya kwamba ni bunduki za wazee. Lakini mfumo unaoshindwa kusajili hata kile ambacho mwenyewe angekubali kukionyesha hauna sifa ya kujivunia.

Nambari nayo ni tatizo. Cheti kinahitaji silaha inayotambulika, na bunduki nyingi za upepo za zamani zina nambari iliyofutika kwa kutu, au zina jina la kiwanda tu. Mrithi asijaribu kuchonga nambari mwenyewe. Atajitafutia shtaka jingine. Kuweka alama ni kazi ya serikali, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogondogo imeyataka mataifa yetu kufanya hivyo.

Sababu nzuri, ndege wabaya

Sababu ipi itakubalika? Wakulima wa kaunti hizi wanayo ya kusema. Mpunga wa Lower Kuja huko Nyatike, mtama wa wakulima wadogo na mahindi ya mradi wa Kimira-Oluch huko Rachuonyo yote yana maadui wenye mabawa au mikia. Kwelea hushuka kwa makundi ya maelfu, na tumbili huvuna kabla ya mwenye shamba. Kwa kwelea, bunduki inayorusha risasi moja moja haina maana. Kundi la maelfu halitishwi na kifo cha mmoja. Kwa tumbili, ipo sheria nyingine.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwaua wanyamapori bila idhini, wakiwemo wale wanaowindwa kwa kitoweo. Cheti cha silaha hakimpi mtu ruhusa ya kupiga kanga, njiwa wa porini wala tumbili. Ukikaa karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruma katika Bonde la Lambwe, makao ya swala aina ya korongo wanaopatikana kwa nadra sana nchini, kuonekana na bunduki kando ya uzio ni kujitafutia maswali mengi kwa maafisa wa Shirika la Wanyamapori (KWS). Kwa hiyo anayeandika "kulinda mazao" kwenye fomu yake ajue anatoa sababu ambayo sheria ya pili inaibana. Anayetaka kuitunza kama kumbukumbu ya familia ana hoja dhaifu zaidi, kwa kuwa mapenzi kwa marehemu hayaonyeshi haja ya kumiliki silaha inayofanya kazi.

Mpaka na askari wa akiba

Migori ina mambo mawili ya ziada. La kwanza ni mpaka. Familia za Wakuria na Waluo ziko pande zote mbili, Kehancha na Tarime, Muhuru na Shirati. Mzee akifia Tanzania, mwanawe anayeishi Kenya hawezi kuvuka Isebania na bunduki kwa sababu tu babake alikuwa na leseni ya huko. Tanzania ina sheria yake ya silaha ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na leseni yake haivuki mpaka. Kuiingiza bunduki Kenya bila kibali cha kuingiza ni kosa tofauti, na kisheria msafiri huyo hana tofauti kubwa na mlanguzi. Njia fupi ni kumaliza mambo upande alikofia: kuiuza huko, au kuikabidhi polisi wa huko.

La pili ni askari wa akiba. Katika maeneo ya Kuria yaliyosumbuliwa na wizi wa ng'ombe, wapo wanakijiji waliokabidhiwa bunduki na serikali. Bunduki hiyo haimo kabisa katika mirathi. Ni mali ya dola, marehemu alikuwa ameishika tu, na kuigawa au kuificha ni kuchukua mali ya serikali. Hapa hakuna swali la nyumba wala la mjane: inarudi kituoni.

Ukale hauondoi hatari

Wapo wanaotegemea umri. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ya mwaka 2001, pamoja na ile ya Nairobi, hazihesabu silaha za kale, na mwaka wa mwisho unaotajwa kwa ukale ni 1899. Tena itifaki hizo huzungumzia risasi inayosukumwa na mlipuko, maana inayoiacha nje bunduki ya upepo. Mtu anaweza kuzisoma na kupumua. Asipumue. Mikataba hiyo iliwekwa kuratibu biashara na ulanguzi kati ya mataifa, na haizuii nchi kuwa kali zaidi ndani ya mipaka yake. Mshtakiwa wa Rongo atahukumiwa kwa Sura ya 114.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 nayo ina mwaka wake: kifaa kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 huwa ni kitu cha kale chini ya ulinzi wa sheria hiyo. Bunduki ya BSA haiwezi kufikia hapo, kwa kuwa ilianza kutengenezwa miaka 10 baadaye. Familia yenye gobori la kweli la zamani inaweza kuzungumza na Makumbusho ya Taifa, na bado ikatoa taarifa polisi.

Wengine wamefanyaje

Nchi nyingine zimeyatenganisha mambo ambayo Kenya imeyarundika pamoja. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2000, haidai leseni kwa bunduki ya upepo iliyo chini ya jouli 8 na chini ya kipimo cha milimita 5.6, na kwa silaha ya kurithi, inamtaka msimamizi wa mirathi aihifadhi ipasavyo mpaka mrithi apate leseni au silaha iondolewe. Uingereza inaweka mpaka wa takriban jouli 16 kwa bunduki ndefu za upepo, na polisi huweza kumpa mrithi kibali cha muda. Ujerumani humpa mrithi mwezi mmoja wa kuomba, na tangu mwaka 2008 asiye na haja ya silaha huruhusiwa kubaki nayo ikiwa imefungwa kifaa cha kuzuia isifyatuke.

Uskoti inafunza upande wa pili. Mwaka 2005 mtoto wa miaka miwili aliuawa Glasgow kwa bunduki ya upepo. Baada ya mjadala wa miaka mingi, bunge lake lilipitisha sheria mwaka 2015, na tangu Desemba 31, 2016 bunduki za upepo ambazo awali hazikuhitaji karatasi zinahitaji leseni. Anayetaka Kenya izifungulie kabisa bunduki hizi hana budi kumjibu mzazi wa mtoto huyo.

Kinachokosekana

Kenya haihitaji kulegeza mkono ili kutatua tatizo hili. Inahitaji mambo matatu madogo. Kwanza, kibali cha muda cha mrithi, kinachotolewa na mkuu wa polisi wa kaunti ndogo kwa msimamizi wa mirathi, chenye tarehe ya mwisho, ili anayetoa taarifa asihofu kukamatwa kwa kutoa taarifa. Pili, daraja la bunduki za upepo za nguvu ndogo, linalopimwa kwa jouli na kuamuliwa katika ngazi ya kaunti, ili Bodi ya Nairobi ibaki na bastola na bunduki nzito. Tatu, njia ya kisheria ya kuilemaza bunduki ya kumbukumbu, kwa kuziba mtutu na kuondoa springi mbele ya mtaalamu wa polisi, kisha kumpa mwenyewe hati ya kuthibitisha hivyo. Wajane wengi wangeichagua hiyo ya tatu.

Mpaka hayo yafanyike, uzito uko kwa familia, na mtu wa kwanza kuubeba ni mzee mwenyewe akiwa hai. Aliye na bunduki ya upepo leo Homa Bay au Migori ana njia nyepesi kuliko atakayokuwa nayo mwanawe: akague cheti chake, aiandike katika wosia pamoja na jina la mtu anayeweza kweli kupata kibali, au aikabidhi sasa na kuchukua karatasi ya kukabidhi. Mwezi Novemba 2016 serikali iliteketeza silaha 5,250 huko Ngong, nyingi zikiwa zimekamatwa au kusalimishwa. Mzee akichagua njia hiyo, atawaachia wanawe shamba na ng'ombe, na hatawaachia kesi.